Waya Ulioitwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kifaru anaumwa. Kila nikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, giaboksi inalia kama kopo la misumari. Waranti inakwisha Jumamosi. Jumamosi hii!

Mke wangu amesema maneno machache, na maneno yake machache ndiyo ninayoyaogopa. Wakala aliyetuuzia gari akilitengeneza bure, linabaki. Akikataa, tunaliuza, na mnunuzi yupo tayari: kaka yake. Shemeji alikuja saa kumi, akalizunguka gari mara mbili, akaingia, akarekebisha kiti. Kiti changu! Kisha akapiga honi, akaniambia nisihuzunike, atakuwa ananipa lifti.

Nimempigia simu wakala. Miadi ni Ijumaa, saa mbili asubuhi. Dada wa mapokezi akauliza kama tumeongeza kifaa chochote cha umeme. Nikasema hakuna. Akauliza, hata redio? Nikasema hatuna haja ya redio, mimi huimba. Akatuma fomu. Mstari wa kwanza: orodhesha kila kifaa ulichoongeza. Sikusoma wa pili. Mtego kama huo hata panya angeucheka.

Kwa kumbukumbu zangu tu, vilivyoongezwa ni hivi: taa ndefu ya juu ya paa, winchi ya mbele, betri ya pili, friji ndogo, kamera, king'ora, kizimio cha siri cha kuzuia wezi, na kile kidude kinachoidanganya injini iongeze nguvu. Vinane. Wakikiona kimoja, kwaheri waranti, kwaheri Kifaru.

Jumanne, 4 Machi

Fundi Waya amekuja. Yeye ndiye aliyefunga vyote vinane, kwa hiyo yeye ndiye wa kuvifungua. Tukafungua kifuniko cha chini ya dashibodi. Nyaya zikatumwagikia miguuni kama utumbo. Zote nyekundu!

Nikamuuliza kwa nini zote nyekundu. Akasema siku ile dukani kulikuwa na roli la nyekundu tu, na umeme, bosi, hauchagui rangi. Nikamuuliza atajuaje upi ni upi. Akasema kwa kuufuata kwa kidole mpaka mwisho. Tumefuata kwa vidole kwa muda wa saa tatu. Kidole changu kimoja kimefika kwenye waipa, kingine kimerudi kilikotoka.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Tuziandikie majina! Lakini siwezi kuandika "king'ora" juu ya waya. Fundi wa wakala akiona je? Nikabuni majina ya siri ambayo mimi sitayasahau na mgeni hawezi kuyaelewa. King'ora nimekiita Mama Mkwe. Winchi ni Shemeji. Kizimio ni Mke. Nikaongeza na maelezo mafupi, ili Fundi asikosee. Utepe ulituishia, tukatumia plasta nyeupe za vidonda. Zinaandikika vizuri sana.

Fundi alisoma moja baada ya nyingine, akaniuliza kama nyumbani tuko salama. Nikamwambia afuate kazi.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kufungua. Winchi iko chini ya kitanda. Betri iko kabatini nyuma ya makoti. Friji iko jikoni, juu ya friji. Mke wangu ameitazama, akaendelea kupika. Hajui lolote, maskini.

Nyaya zenyewe zimebaki. Fundi anaogopa kuzivuta, asije akavuta za gari lenyewe. Si kitu. Vifaa havipo, na waya mtupu si ushahidi. Tumezikunja, tukarudisha kifuniko.

Matundu manne ya taa ya paani nimeyaziba kwa chingamu ya bazoka. Nimetafuna nane, mbili kwa kila tundu, kisha nikapaka rangi nyeupe ya kucha ya mke wangu. Ukisimama mbali huoni. Ukisimama karibu unasikia harufu ya stroberi.

Matatizo mawili madogo. La kwanza, tulipomkata Mke gari lilikataa kuwaka. Fundi akaunganisha ncha mbili alizozipenda, likawaka. La pili ni kwamba sasa nikiwasha indiketa ya kushoto, honi inalia, na haikomi mpaka uzime injini. Ushauri wa Fundi: bosi, usikate kushoto mpaka Ijumaa.

Shemeji amepita akasema gari limenyolewa. Kisha akapima kwa hatua kama litaenea kwenye banda lake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechora njia ya kwenda kwa wakala yenye kona za kulia tu. Ipo! Mwenye subira hupata. Njia ya kawaida ni kilomita saba. Hii yangu ni kilomita kumi na tisa.

Pigo: Mama mkwe anakuja nasi kesho. Ana miadi ya macho karibu na huko. Nikamwambia mke wangu kwamba gari bovu si mahali pa mzee wa heshima. Akajibu kwamba mzee wa heshima amekwishachagua viatu. Akauliza kama fomu nimeijaza. Nikasema zamani. Akaniambia mficha maradhi kilio humfichua. Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akasema, haya.

Nimelala mapema, nikijua nimewazidi wote akili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshika kalamu kwa shida.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Mama mkwe kiti cha nyuma, mke wangu mbele. Kulia, kulia, kulia. Baada ya nusu saa Mama mkwe akauliza, mkwe wangu, kile kituo cha mafuta si tumekipita? Nikasema vituo vya siku hizi vinafanana. Akasema hata mbwa aliyelala mlangoni? Mke wangu alikuwa anaangalia nje, mabega yakimtikisika.

Tukafika. Kwa wakala kuna chumba cha kungojea chenye viti vya bluu na kidirisha kinachofunguka kwenye karakana. Fundi wao ni mama mmoja mwenye glavu na sauti ya mwalimu wa mazoezi. Alifungua kifuniko cha dashibodi. Kisha akaja kidirishani na rundo la nyaya nyekundu mkononi.

Akauliza, mwenye gari ni nani? Mke wangu akaninyooshea kidole. Akauliza, na huyu Mama Mkwe ni wa nini? Maana ameungua.

Chumba kizima kikageuka. Nikasema sielewi swali. Fundi akasogeza plasta karibu na macho, akasoma: "Mama Mkwe. Kelele tupu. Aguswe wa mwisho." Akashika nyingine: "Shemeji. Kazi hana, kuvuta tu." Akashika ya tatu: "Mke. Akikatwa hatuendi popote."

Mama mkwe hakuwa na miwani ya kusomea. Ndiyo hiyo alikuwa anaifuata. Akaomba kwa adabu zote ile ya kwanza isomwe tena, kwa sauti. Ikasomwa tena, kwa sauti.

Msimamizi wa karakana akatoka ofisini, akaniomba fomu. Nilipapasa mifuko yote, hata ya shati, na shati langu halina mfuko. Mke wangu akafungua mkoba wake, akatoa fomu, akaiweka mezani. Imejazwa yote! Vifaa vyote vinane, na cha tisa nilichokuwa nimekisahau mwenyewe: feni ya chini ya kiti. Alijua kila kimoja tangu siku kilipoingia nyumbani.

Msimamizi akasoma, akatikisa kichwa kama daktari. Akasema giaboksi za toleo hili zina kasoro inayojulikana, wanabadilisha bure bila maswali. Vifaa vya kuongeza haviwahusu. Orodha wanaitaka ili mafundi wavizime kabla ya kazi, wasipigwe shoti wala kushtuliwa na king'ora. Imeandikwa mstari wa pili.

Ila waya ulioungua, honi ya kushoto na bazoka ya paani ni juu yangu.

Mke wangu akasema njia ya mwongo ni fupi. Sikubishana naye, ingawa yangu ilikuwa kilomita kumi na tisa.

Jumamosi, 8 Machi

Hukumu imetolewa sebuleni. Kifaru hauzwi. Lakini ufunguo utakaa kwenye mkoba wa mke wangu, nami nitaomba nikiwa na safari. Kuhusu plasta yake, mke wangu amesema ndiyo peke yake niliyoandika kwa akili.

Shemeji amekuja na malalamiko. Ameambiwa. Alitaka kujua nani hana kazi, nani anavuta tu. Mama mkwe, ambaye haongei nami tangu jana, akasema bila kugeuka kwamba mengine yote ni ukosefu wa adabu, lakini la Shemeji ni kweli. Shemeji akaondoka bila kunywa chai.

Nimelala kwenye kochi. Si adhabu. Winchi imepindisha chaga za kitanda.

Jumamosi, 15 Machi

Kifaru amerudi! Gia zinaingia kama kisu kwenye siagi. Honi inalia inapotakiwa. Nyaya nyekundu zimetolewa zote, zimewekwa kwenye mfuko na plasta zake. Mama mkwe amezichukua. Hakusema za nini.

Giaboksi mpya ina waranti ya mwaka mzima. Nimelitafakari jambo hili kwa makini, kama mtu mzima aliyejifunza. Mwaka mzima maana yake mwaka mzima hakuna atakayefungua kifuniko cha dashibodi. Fursa kama hii haiji mara mbili.

Kosa langu lilikuwa majina ya watu. Safari hii nitatumia mboga. King'ora kitaitwa Bamia.

Wakala aliuliza funguo ziko ngapi. Nilisema mmoja. Wa pili umo ndani ya kiatu changu cha harusi. Fundi Waya anakuja Jumatatu, mke wangu akishakwenda kazini. Amepata roli jipya. Nimemuuliza rangi.

Nyeusi tu. Nimemwambia afadhali: haionekani.