Kitu Kidogo cha Bella

Jumapili, 2 Machi 2014
Fursa! Fiona, Mkenya mwenzetu anayemfunza Bella, anatafuta msaidizi. Jaribio ni Alhamisi, mbele ya bosi. Bella ni simba-bahari. Kazi yake ni kuzamia na kuokota vitu ambavyo wageni wa gati yetu hapa Al Wakrah, Qatar, wanaangusha majini. Nikiipata hiyo kazi, kwaheri ulinzi wa lango, kwaheri jua la kuchemsha ubongo! Nimechungulia mafunzo yenyewe. Bella akiokota kitu, Fiona anapuliza filimbi, anampa samaki. Aisee! Si hii ni kitu kidogo tu, hongo ya samaki? Mimi Ndirangu, niliyekuwa broka wa leseni za udereva Thika nzima, nifundishwe kitu kidogo?

Jumatatu, 3 Machi
Japheth, Mganda tunayelinda naye lango, pia anaitaka kazi. Maskini! Nimemuwahi Bella asubuhi, nikampa samaki na kumnong'oneza kwamba Alhamisi asiniangushe. Akapiga makofi! Tumeelewana kabisa.

Jumanne, 4 Machi
Fiona kanifuma. Kasema samaki hutolewa baada ya kazi, kamwe si kabla. Nikamjibu sawa, madam. Moyoni nacheka. Ukingoja kulipa mwisho, faili si litalala kwenye droo? Jioni Bella kakataa kuzamia, anakodolea mifuko yangu tu. Japheth ananung'unika eti nimemharibu mnyama. Wivu!

Alhamisi, 6 Machi
Alfajiri nimempa nusu ndoo, nisibahatishe. Bosi akaja na wageni, akatupa majini funguo za Land Cruiser lake. Nikapuliza filimbi mpaka macho yakanitoka. Bella akanitazama, akacheua, akalala. Akalala! Nikamkumbusha makubaliano yetu kwa Kikikuyu. Wapi! Nikainama nimsukume, nikateleza, chubwi! Na kuogelea sijui. Niliogopa, jamani, nikamwita mama yangu. Mara ukosi ukavutwa. Bella! Kaniokota, kanibwaga miguuni pa Fiona. Filimbi ikalia, akapewa samaki wake, wageni wakashangilia. Zamu ya Japheth ilipofika, funguo zikatoka papo hapo.

Ijumaa, 7 Machi
Japheth kapewa kazi. Mimi niko langoni, koo bado lina chumvi. Inauma! Fiona amekuja kunieleza tena, taratibu, kama anamweleza mtoto: samaki baada ya kazi. Nimetafakari sana na kosa nimelipata. Nusu ndoo ilikuwa dharau! Halafu Fiona mwenyewe sikumpa chochote. Chochote! Kesho, kabla hajafungua mdomo, namfikishia biriani.