Bata Bukini wa Palizi

Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani mpaka mkia wa foleni hauonekani. Aliko alikuwa kibandani, mtaa wa Sogea, akinywa chai ya maziwa aliposikia Mzee Mbonile, mwenye nyumba ya wageni, akilalamika. Bustani yake ya nyasi imejaa vishonanguo. Dawa ya kupulizia haitaki tena, ya mwaka jana iliua sungura wake. Vibarua nao, alisema, wanakula mno.

Aliko akasahau chai. Nyumbani kwake kulikuwa na bata bukini wa mama mkwe wake, Gwantwa, aliyevuka mpaka kwenda Nakonde kumwuguza dada yake. Alimwachia Aliko bata hao kwa sharti moja: wasitoke uani.

"Shikamoo mzee. Mimi nafanya palizi isiyo na kemikali. Nina bata waliosoma."

"Wamesomea wapi?"

"Mbozi, kwenye kahawa. Wanang'oa magugu tu. Nyasi wanaipita kama mlokole anavyopita baa."

"Na chakula chao?"

"Magugu yako hayo hayo, mzee."

Kibarua asiyedai ugali! Mbonile alitoa nusu ya malipo papo hapo, naye Aliko akawaswaga bata mpaka bustanini, akawaacha humo, na pesa akaipeleka moja kwa moja kwenye kuku wa kuchoma.

Aliporudi jioni, nyasi ilikuwa imeliwa mpaka udongo. Vishonanguo vilikuwa vimesimama wima, vimepata na hewa. Bata walikuwa ndani ya banda la sungura, kufuli mlangoni.

"Wasomi wako wamekula nyasi," alisema Mbonile, kwa upole wa mtu mwenye ufunguo.

"Hiyo ni hatua ya kwanza, mzee!"

"Ya pili ni wewe. Ng'oa magugu na mizizi, tandaza makapi ya kahawa ili magugu yasiote tena, panda nyasi upya. Ndipo uchukue bata."

Aliko akalamba midomo. Mdomo huo ulishamuuzia dereva nafasi ile ile ya foleni aliyokuwa tayari ameishika mwenyewe. Ungeshindwa na kufuli? Akavuta pumzi. Geti likalia.

"Hodi! Sauti za bata wangu nimezijua tangu barabarani."

Alikuwa Gwantwa, mama mkwe wake, begi la safari mkononi. Dada amepona mapema.

Sasa, kwao Ileje, Aliko alilelewa hivi: mbele ya mama mkwe unachuchumaa, macho chini, hujibizani. Akachuchumaa. Maneno yote aliyoyapanga akayaacha hapo hapo.

Mbonile akasimulia kila kitu, hata habari za mlokole. Gwantwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Bata naondoka nao, mzee. Huyu nakuachia. Ni kijana mtiifu. Si ndiyo, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Na atakula nini?" aliuliza Mbonile, uso umemkunjamana.

"Si alishasema mwenyewe? Magugu yako."

Kufuli likafunguliwa. Bata wakampita Aliko mmoja mmoja, shingo juu, kama wahitimu kweli. Kishonanguo cha kwanza kilikuwa mbele ya pua yake. Na kwa kuwa alikuwa ameshachuchumaa, akaanza.