Swichi Zisizoguswa

Jumatatu, 3 Juni

Dada kapiga simu asubuhi. Jumapili anakuja na mumewe kumkagua mama. Kumkagua! Utasema mama ni gari. Eti macho ya mama sasa yanatambua mwanga na giza tu, daktari kathibitisha, na mtu wa hivyo hawezi kuishi kwenye nyumba ya korido ndefu na swichi zilizojificha nyuma ya milango. Wasiporidhika wanamchukua, akakae kwao ghorofani. Nyumba itapangishwa.

Na mimi je? Sikuuliza. Nilikuja hapa kupumzika wiki mbili baada ya biashara yangu ya vifaranga kufa. Huu mwaka wa nne.

Mama naye hataki kuondoka. Kasema nyumba hii anaijua kwa viganja. Nikamwambia atulie, mwanawe nipo. Kaguna.

Nina mpango. Nabadilisha swichi za nyumba nzima, naweka za kisasa, zenye akili. Shemeji Tai atakosa la kusema. (Ndiye mume wa dada. Hufunga tai hata akija kula.) Umeme wa hapa analipa yeye, na hakuna siku amesahau kutukumbusha.

Jumanne, 4 Juni

Duka la vifaa vya umeme. Muuzaji ana maneno matamu, nikajikuta nimekaa kwenye kiti chake na soda yake mkononi. Swichi ziko aina tatu. Za kioo, unagusa kidogo tu. Za kuamrishwa kwa sauti. Na za kuhisi mtu: ukiingia taa inawaka, usipojitikisa inazima. Kaniazima moja moja nikajaribu nyumbani.

Ya kioo ni laini, haina hata kidude cha kushika. Mama kapapasa ukuta mpaka kaangusha picha ya marehemu baba. Imepasuka. Ya sauti mama kaigomea. Kasema hajafikia kuubembeleza ukuta, majirani wakisikia watasema akili imeyafuata macho. Nikaijaribu mwenyewe. Kwa upole, kwa ukali, mwishowe kwa matusi. Wapi! Ikaja kuwashwa na kikohozi cha jirani aliyekuwa anapita dirishani.

Basi ni za kuhisi mtu. Pesa katoa mama, alizokuwa ameweka za miwani. Daktari alishasema miwani haimsaidii tena, kwa hiyo nimeziokoa.

Jumatano, 5 Juni

Fundi umeme kaja na ngazi yake na mdomo wake. Kang'oa swichi zote za zamani, zile nyeusi za kulia tak! Pembeni mwa kila moja kulikuwa na doa la mkono wa mama, la miaka na miaka. Nikamwambia apake rangi. Nyumba imekuwa mpya. Hizi za sasa hazina mlio kabisa, muuzaji alilisifu sana hilo.

Fundi kauliza taa zingoje muda gani kabla ya kuzima. Muda mfupi kuliko wote, nikamwambia. Kauliza kama nina hakika. Nikamwambia ashike kazi yake. Shemeji Tai akiiona bili ya mwezi huu atanivulia hiyo tai!

Mama nimemweleza kwa kifupi, nisimchoshe. Asiguse kitu. Taa zinajua mtu yupo. Kazi yake ni kukaa tu.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Jioni nzima, kila nikiingia chumbani kwa mama nakuta taa inawaka na mama yupo kwenye kiti chake, ametulia tuli. Muuzaji hakunidanganya.

Ila mama hakula. Kauliza mara mbili kama umeme upo. Nikamjibu upo, kwani haoni? Kisha kanishika mkono, akakaa nao muda mrefu bila kusema neno. Shukrani hizo.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa. Mama kaniita, kaniambia nifunge mlango. Macho yameanza kukatika. Jioni akikaa, baada ya muda mfupi ni giza tupu, hata ule mwanga wake kidogo haupo. Akiinuka, unarudi. Juzi alikuwa anasali, macho yakaenda katikati ya sala. Amekesha akijiuliza amemkosea nini Mungu. Kaniomba nisimwambie dada, maana dada akijua, ghorofani hakuna mjadala. Alikuwa analia bila sauti.

Nimeogopa. Kweli nimeogopa. Nikampima mwenyewe. Nikatoka, nikaingia, nikasimama mbele yake, nikapunga mikono, nikamuuliza kama anaona. Sasa anaona mwanga, kasema. Nikatoka tena, nikaingia tena. Anaona! Ugonjwa gani huu jamani? Afadhali nimeweka taa nzuri, la sivyo hali ingekuwa mbaya zaidi.

Nimejilaza nikiwaza, nimeinuka na jibu. Kama akikaa yanakatika na akitembea yanarudi, basi asikae. Mpaka Jumapili dada aondoke.

Jumamosi, 8 Juni

Mama katembea tangu jua lizame. Kitandani hadi dirishani, dirishani hadi kitandani, mkono ukutani. Ile rangi mpya imeshapata doa. Mimi nampigia makofi apate moyo. Kaomba apumzike. Nikamruhusu, ila akae huku anatikisa mguu. Na inasaidia! Anautikisa na mwanga anauona! Madaktari wamesoma bure.

Magoti yake yamevimba. Nimeyakanda kwa maji ya moto. Kasema asante baba, kwa sauti ndogo sana. Namwonea huruma mama yangu. Lakini imebaki siku moja.

Jumapili, 9 Juni

Wamefika giza limeshaingia, gari la Shemeji Tai liliharibika njiani. Nikawatembeza. Kila mlango tukifungua, taa inawaka yenyewe. Shemeji hakusema kitu. Nikaanza kuringa.

Dada kaona miguu ya mama. Kaninyooshea kidole nitoke nje, kafunga mlango, kabaki naye. Nikabana sikio pale mlangoni. Mama alijikaza jamani! Kasema anaona vizuri, anakula vizuri, mimi namtunza vizuri. Dada kamuuliza kwa nini mguu unatikisika hivyo. Kajibiwa ni baridi. Akamwambia autulize, akamkumbatia. Wakatulia hivyo hivyo.

Ule mwanga uliokuwa unatokea chini ya mlango ukazima. Na wa koridoni kwangu ukazima, maana nilikuwa sijitikisi ili nisikie.

Mama kaanza kulia. Kasema ndiyo hivyo, yameenda tena, dada asikasirike, kesho yatarudi. Dada kamwambia: mama, hata mimi sioni.

Kisha mama kauliza kama siku zote hizi ilikuwa taa. Dada kamjibu ndiyo, mama, ni taa.

Hakuna aliyemlazimisha. Begi kaliomba mwenyewe. Anatoka, kapapasa ukuta wa koridoni azime taa, kwa mazoea. Kapapasa mpaka mwisho wa korido. Kisha kanipapasa uso, kaniaga.

Jumatano, 12 Juni

Shemeji Tai kabandika tangazo la kupangisha getini. Nina mpaka mwisho wa mwezi. Nyumba haina hata sauti ya kuguna.

Dada kapiga simu. Eti mama ana swichi ya kawaida kando ya kiti, ya kulia tak! Anaiwasha mwenyewe, anakaa chini ya taa jioni nzima, anasali mpaka amina, na hataki kuinuliwa. Nikamwambia dada kukaa sana si kuzuri kwa magoti. Kanikatia simu.

Nimewaza sana, na kosa nimeliona. Swichi zilikuwa nzuri, nyumba ndiyo mbovu. Mahali pa swichi hizi ni kule ghorofani. Fundi kakubali azing'oe hizi kesho kutwa akazifunge kule, dada na mumewe wakiwa kazini, iwe zawadi ya kushtukiza. Muda mfupi kuliko wote, nimemsisitizia, bili ya kule nayo si analipa Shemeji? Wataniita mimi mwenyewe nikakae nao.

Taa imezima mara tatu nikiandika haya. Sasa naandika kwa mkono mmoja, mwingine naupunga. Ni mazoezi mazuri, na mama atayapenda.