Mashine ya Unyevu ya Auntie Peres

Jumatatu, 17 Julai 2006

Baridi ya mtaa wetu wa Jamhuri, Nairobi, leo haina adabu. Auntie Peres ameamka bila sauti. Alitaka kunigombeza kwa kulala hadi saa nne, ikatoka hewa tupu. Nilifurahia jambo hilo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kisha binti yake, Ivyne, anayesomea uuguzi na hakuachi usahau, akanikumbusha kwamba Jumapili mamake anaimba solo kanisani. Akishindwa, solo inaenda kwa Mama Kavata, na hapo nyumba hii haitakalika. Daktari amesema hewa ya chumbani ni kavu mno, itafutwe mashine ya kuongeza unyevu.

Nikasema mashine hizo nazijua nje ndani. Nilizisoma kule kwa matajiri wa Spring Valley nilipokuwa naosha magari. Ivyne akauliza kama magari yalikuwa yanalala kitandani. Nikamwambia dirisha lilikuwa wazi.

Auntie akaninong'oneza: nipate inayofaa kabla ya Jumapili, la sivyo narudi Muhoroni kwa Uncle Odhiambo kukata miwa. Yeye akinong'ona anatisha zaidi.

Mimi na panga hatujawahi kuelewana.

Jumanne, 18 Julai

Aina ya kwanza: mvuke wa moto. Mjinga angekimbilia dukani. Mimi nilienda Dagoretti Corner kwa Jackie wa saluni, nikaazima ile mashine yake ya kufukiza nywele, yenye kofia kubwa kama ya mwanaanga. Jackie akasema nikiivunja atanisuka mimi mwenyewe bila mafuta.

Nimeiweka kando ya kitanda cha Auntie, stima nikaivuta kwa ekstensheni kutoka sebuleni. Chumbani kuna soketi moja tu, na hiyo ni ya hita. Hita ilitumwa na kaka yake Ivyne aliye Amerika, kwa hivyo huwaka usiku kucha, iwe baridi isiwe baridi. Kuizima ni kumdharau mtoto.

Mvuke umejaa vizuri sana. Mimi ni noma.

Jumatano, 19 Julai

Auntie ameamka ananukia parachichi. Mashine ilikuwa bado na dawa ya nywele ya mteja wa mwisho. Mawimbi ya nywele aliyotengenezwa kwa ajili ya Jumapili yamelala chini yote, na silingi ya dari imeshuka tumbo. Sauti bado. Alisema kitu, Ivyne akanitafsiria: ameota yeye ni dagaa wa omena na kuna mtu anafunika sufuria.

Sawa. Aina ya pili: kitambaa chenye maji mbele ya feni. Hii haichemshi mtu. Inataka kitambaa kikubwa, na kikubwa kuliko vyote nyumbani ni joho la kwaya la Auntie. Nimelilowesha, nikalitundika, nikawasha feni. Sayansi.

Alhamisi, 20 Julai

Joho linatoa rangi. Nani alijua? Maji mekundu yametiririka hadi kwenye vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono, vile vya kufunika makochi. Ivyne alivibeba kwa vidole viwili na kuuliza ni nani amechinjwa. Auntie alikuwa anatetemeka kwa upepo wa feni, na ameongeza mafua juu ya kukosa sauti. Hita ikapandishwa hadi mwisho. Ameanza kunitafutia begi.

Ijumaa, 21 Julai

Aina ya tatu, ya kisasa: ukungu baridi. Auntie ametoa pesa kwa mkono mzito, nami nikashuka mjini, Luthuli Avenue. Muuzaji aliniuliza chumba kina ukubwa gani. Nikamweleza ukubwa wa Auntie. Akaenda nyuma akaleta moja ya kutosha ukumbi wa harusi.

Mifereji ya nyumbani imekauka tangu jana, basi mashine nimeijaza maji ya chumvi yanayouzwa na lori. Inatoa moshi mweupe bila joto. Inapendeza kuliko televisheni. Tulikaa sote tukiitazama, hata Ivyne.

Jumamosi, 22 Julai

Vumbi jeupe kila mahali. Kabati, Biblia, picha ya marehemu mumewe Auntie, nyusi za Auntie. Alitoka chumbani kama aliyeshinda akisukuma chapati za harusi. Ivyne akasema hiyo ni chumvi ya maji, na mtu anayejua mashine nje ndani angetumia maji ya mvua. Nikamuuliza mvua ya Julai anaiona wapi, kwenye kitabu chake cha uuguzi?

Begi limepatikana. Liko mlangoni.

Leo usiku ndio mwisho wangu au wokovu wangu. Ivyne amechukua ekstensheni apigie joho pasi, liko rangi ya waridi sasa. Ikabidi nichomoe hita, nichomeke mashine. Auntie alikuwa ameshalala chini ya mablanketi. Taa ndogo nyekundu imewaka. Maana yake inafanya kazi kwa nguvu zote.

Jumapili, 23 Julai

Ameimba. Yawa, ameimba! Mpiga kinanda alisahau kupiga. Mama Kavata alikuwa anatabasamu kama anayeumwa na jino. Baada ya ibada Auntie akanishika mkono mbele ya mchungaji akasema huyu Lenox mnayemwona ana kichwa. Begi limerudi juu ya kabati.

Nyumbani Ivyne akaniita chumbani, akafungua mashine. Kavu kabisa. Sikuwa nimeitia maji mengine tangu Ijumaa. Taa nyekundu ilikuwa inaomba maji usiku kucha. Akasema kilichomponya mamake ni kuzimwa kwa hita, basi.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Mashine ambayo hata bila maji inarudisha sauti! Na ni nani aliyeichagua?

Jumatatu, 24 Julai

Mama Kavata amekuja mwenyewe kuniomba ushauri. Anakohoa tangu Juni. Nikamfuata hadi kwake, Ivyne nyuma yetu akijifanya anapita tu. Nyumba haina dirisha linalofunguka. Nguo kabatini zimeota ukungu wa kijani, na ukutani maji yanateremka yenyewe. Ivyne akasema, "Mama, fungueni hapa hewa iingie." Nikamwomba aache wataalamu wafanye kazi.

Niligusa ukuta. Nikatikisa kichwa polepole, kama daktari.

"Mama," nikamwambia, "ukuta huu unalia kwa kiu. Hapa ni mashine mbili."