Kiti cha Uangalizi

Ofisi ya Staha ya Wanafunzi, Kenyenya, ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la wasichana kuumwa na tumbo kila mwezi limekwisha. Lilikwisha Januari, kwa waraka. Mimi Manasseh, katibu wa ofisi, ndiye niliyeuchapa, na sikukosea hata herufi moja.

Waraka ulikuwa mfupi. Maneno "hedhi" na "damu" yasitamkwe wala kuandikwa. Yaitwe "suala husika". Sweta isifungwe kiunoni, maana inaharibu sare. Msichana anayetaka ruhusa ya kwenda hospitali atoe notisi ya siku kumi na nne, kisha afike mbele ya kamati ya wanaume watano. Tulifikiria kuongeza mwanamke, tukaona angekuwa na upendeleo.

Mwombaji wetu wa kwanza alikuwa Joyline wa kidato cha tatu. Alikuja ameshikwa mkono na Madam Bathsheba, matroni wa shule, mama asiyejua kungoja zamu yake. Notisi ilikuwa imeandikwa vizuri, ila maumivu yalikuja siku mbili mapema. Mwenyekiti wetu, Bwana Ombok, alimkaripia kwa hilo, halafu akamsamehe.

"Anatoka siku nane," Madam Bathsheba alisema. "Anabadilisha pedi kila saa. Mwezi jana alizimia kwa maabara. Angalia midomo, imekuwa nyeupe! Huyu mtoto anataka daktari leo."

Bwana Ombok aligonga meza kwa kifaru chake cha mawe ya sabuni, alichochongewa na mafundi wa Tabaka.

"Mama, ofisi haiendeshwi kwa midomo."

Utaratibu ni huu. Mwombaji hukaa kwenye Kiti cha Uangalizi kwa saa mbili bila kuinuka, ili kamati ipime maumivu kwa macho. Ndicho kiti chetu pekee chenye mto. Kitambaa chake ni cha rangi ambayo dukani huitwa damu ya mzee, na ambayo mimi, kwa ajili ya staha, niliisajili kama nyekundu iliyokomaa.

Joyline alikaa, akajikunja. Baada ya saa moja akainua mkono.

"Sir, naomba kwenda choo. Aki siwezi tena."

"Ukiinuka tunaanza upya," mwenyekiti alisema.

Hakuinuka. Alitaka barua ya ruhusa. Sisi tulikunywa chai, nami nikaandika: "Mwombaji anatoka jasho, sababu haijulikani." Bwana Haron, mjumbe wetu mzoefu, alishuhudia kwamba mke wake hajawahi kulalamika, na ushahidi huo ukatosha. Ombi liliahirishwa hadi muhula ujao. Msichana alilia. Madam Bathsheba alimfunga leso kiunoni, kitu ambacho waraka ulikisahau.

Ukumbini wazazi na wasichana wao walikuwa wakimngoja mwenyekiti awahutubie juu ya staha. Alitaka kwanza kuipitia hotuba, akakiendea kile kiti chenye mto.

"Sir, hiyo kiti usikalie," Joyline alisema.

"Mwombaji hazungumzi kabla ya kuulizwa."

"Sir, imelowa."

"Katibu, andika utovu wa nidhamu."

Nikaandika. Akakaa dakika kumi nzima, na suti yake mpya ya rangi ya maziwa. Alipoinuka, kamati yote iliona. Bwana Haron alitazama dari. Neno la kumwambia lilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa amelipiga marufuku.

"Mwenyekiti," nilijaribu, "kuna suala husika."

"Limeahirishwa," akajibu, akatoka.

Jukwaani aliinama kumsalimia chifu, akawapa wazazi mgongo. Ukumbi ukanyamaza. Alidhani ni heshima, akainama tena.

"Mwenyekiti, umeumia?" mama mmoja aliuliza kutoka nyuma.

Alijishika nyuma, akautazama mkono wake. Nilitegemea wasichana wacheke. Hakuna aliyecheka. Joyline, aliyekuwa ametufuata, alipanda jukwaani akishikilia ukuta, akavua sweta yake, akamfunga kiunoni kwa mikono yake, mafundo mawili, upesi, kama mtu aliyewafungia wengi.

"Tembea polepole, sir," alimwambia. "Mtu akiuliza, sema umekalia rangi."

Mlangoni mwenyekiti alimkuta Madam Bathsheba amesimama katikati.

"Mwenyekiti unaenda wapi? Notisi iko wapi?"

Alikuwa ameshika barua ya Joyline na kalamu. Bwana Ombok alisaini akiwa amesimama, bila kusoma. Jioni hiyo msichana alilazwa, akaongezewa damu. Ndiyo, nimeandika damu.

Kesho yake mwenyekiti aliniita tuweke kumbukumbu sawa.

"Andika niliondoka mapema kwa sababu tumbo lilikuwa linauma."

Nilimletea fomu. Kisha nikamvutia Kiti cha Uangalizi, ambacho hakijasafishwa kwa sababu hakuna neno la kuandika kwenye ombi la sabuni, nikamwomba kwa heshima zote akae saa mbili.