Kibanda Changu cha Uvuvi na Bomba la Tanuri

Kwako Ndugu Mhariri wa gazeti letu la Lindvik, Minnesota,

Natumai hujambo na nyumba yako ina joto. Yangu joto inalo, amani ndiyo haina, na wa kulaumiwa ni wewe. Wiki iliyopita ulichapa ukurasa mzima wa ushauri kuhusu haya matanuri ya gesi yanayopasha nyumba zetu joto: badilisheni chujio, acheni bomba la moshi wazi, wekeni king'ora cha hewa ya sumu. Mke wangu Verna aliukata ukurasa huo kwa mkasi akaubandika kwenye mlango wa friji, juu ya picha ya yule samaki wangu mkubwa. Sasa samaki anaonekana mkia tu. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Chujio. Unasema libadilishwe mara kwa mara. Ndugu Mhariri, chujio jipya lina matundu, vumbi linajipitia. Langu limeshiba vumbi la miaka mingi, halipitishi hata wazo. Lipi linachuja zaidi? Lakini Verna aliniitia fundi, binti aitwaye Kaylene, akalichomoa na kulishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Mzee Arvid," akasema, "hili si chujio tena, hili ni blanketi." Nilimshukuru, nikidhani ananisifu.

2. Bomba. Kila mwanamume wa hapa hukiegesha kibanda chake cha uvuvi uani, akisubiri ziwa ligande apate kukiburuta juu ya barafu, atoboe tundu na kuvua akiwa ndani. Na tanuri langu lina bomba linalotokeza ukutani, likipumulia theluji hewa ya moto kutwa kucha. Gesi yangu, joto langu, kwa faida ya sungura! Mimi ni mtoto wa baba ambaye hakuwasha tanuri kabla ya Novemba, hata meno yake ya bandia yagande kwenye glasi. Basi nikakisogeza kibanda hadi ukutani, nikaliingiza bomba dirishani. Tangu hapo mimi na shemeji yangu Orville, kaka yake Verna, tunacheza karata humo tukiwa na mashati matupu. Joto la bure, tena lenye unyevu, zuri kwa kifua.

Kaylene alipokiona alizima gesi palepale. "Mzee wangu, hewa hiyo inaua. Hainuki, haionekani, inakubembeleza tu ulale. Siwashi mpaka kibanda kitoke." Nikakitoa. Akawasha. Gari lake lilipokata kona, nikakirudisha. Nilimtii, kwa maana hakusema kikae nje kwa muda gani. Verna aliyaona yote kwa dirisha la jikoni. "Haya," akasema, "sikio la kufa halisikii dawa." Akaenda dukani bila kuniaga.

3. King'ora. Kaylene alikitundika sebuleni, na kikachagua kulia siku tuliyokuwa na wageni wa kanisani. Sisi watu wa Lindvik hatupaziani sauti. Nyumba ya jirani ikiungua, tunabisha hodi kwanza, tunaomba radhi kwa usumbufu, ndipo tunaitaja habari ya moto. Nilikivika soksi ya sufi, kikalia. Nikakitia kwenye friza, kikalia. Ikabidi nikitoe betri, nikazitia kwenye tochi yangu ya uvuvi, ambayo ina adabu.

4. Afya zetu. Hili ndilo zito. Tangu siku hizi za karibuni tunaumwa vichwa, mimi na Verna na Orville, na paka amehamia kwa jirani. Sababu ni hofu uliyotuletea. Kabla ya kibanda, samahani, kabla ya gazeti, hatukuwa na maumivu yoyote. Jana Orville alishika karata za ushindi akasinzia juu yake. Verna akamtikisa. "Kaka, unaumwa?" "Nasinzia tu, dada, niache." Verna alikwenda kulia kwenye sinki. Kati ya ndugu zake wote amebakiwa na huyu mmoja, na wewe unamtisha bure.

Kwa hiyo naomba utoe ukurasa mzima wa kutuomba radhi, ueleze kwamba ushauri wako ndio unaoumiza vichwa vya watu, na unilipe picha ya samaki.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule mama wa matangazo ya vifo, mwambie asinune, baridi itapita. Naandika nikiwa kibandani, mahali pekee penye utulivu. Orville naye anakusalimu, yaani angekusalimu, ila amelala tangu tulipokunywa kahawa na haamki hata nikitaja pai. Mwandiko ukiyumba uniwie radhi, kalamu imekuwa nzito leo.

Wako mtiifu mwenye uchungu,
Arvid Tollefsrud

N.B. Barua hii imechelewa kwa kuwa ilikuwa mfukoni mwa koti langu, na koti lilikuwa hospitalini pamoja nami. Siku ile Verna alipokwenda dukani alinunua king'ora cha pili, na Orville aliposinzia juu ya karata akakificha kwenye mkebe mtupu wa kahawa kibandani, kwa maana ananijua. Kilipolia aliacha viazi motoni akatoka na ndara zake kwenye theluji, akamburuta Orville kwa miguu, kisha akanirudia mimi. Nilimwambia apunguze kelele, majirani watasikia. Ndivyo anavyosema, mimi sikumbuki.

Leo Orville amefumbua macho akauliza nani ameshinda. Verna amemwambia ni yeye. Mimi hajanisamehe bado, lakini ameushika mkono wangu tangu asubuhi hauachii, naandika kwa wa kushoto. Naogopa, Ndugu Mhariri. Ule ukurasa wako tafadhali uchape tena, kwa herufi kubwa zaidi, ufunike samaki mzima, hata mkia.