Kompyuta Kubwa Nayo Ipumzike

Ijumaa, 14 Machi

Hujambo, daftari langu? Mgongo wako mzima? Wangu unauma, lakini Mungu ni mwema.

Hapa Keumbu tunachapa vitabu vya mazishi. Programu ya kupanga kurasa inakaa kwenye kompyuta kubwa. Linet, Duncan na mimi tunaifungua kwa waya, kila mtu mezani kwake. Chumba cha kompyuta hiyo kina kufuli. Ufunguo ninao mimi. Kitabu cha marehemu Nyakerario wa Birongo nimekihangaikia wiki nzima, na kesho mimi Msabato nikiwa kanisani, Duncan, kwa kuwa ni Mkatoliki, atakuwa kazini. Ataweka maua pembeni mwa kurasa asifiwe yeye. Basi jua likikaribia kuzama nikaizima ile kubwa, nikafunga, nikaenda. Amri inasema hata ng'ombe apumzike.

Jumamosi, 15 Machi

Kanisani Nyanchwa. Amani tele. Duncan kapiga simu mara tisa. Sikushika. Ni Sabato.

Jumapili, 16 Machi

Aibu. Kumbe nilipozima Linet alikuwa bado anaandika. Ukurasa umepotea, tena ule wa Bochaberi, binti wa marehemu: maneno ya kumuaga mama yake. Alimsimulia Linet kwa mdomo, nakala hakuna. Mazishi kesho.

Duncan akauliza mashine ilibatizwa lini. Linet hakucheka. Akaniambia, "Baba Phanice, umemfunga mfiwa mdomo."

Nikapanda boda hadi Birongo. Nikamwambia Bochaberi ukweli, karibu wote. Nilingoja matusi. Akanipa chai. Akasema siku ile alisema ya kupendeza wageni, sasa aseme yake: mama alikuwa akimfichia ndizi za kuchoma kwenye leso, na kaka zake wakiuliza anawaambia zimepelekwa kwa pasta wa kanisa. Akacheka, akalia. Nami pia. Nikaandika yote nyuma ya ratiba ya kwaya.

Duncan akachapa. Akaweka maua. Yamependeza, siwezi kusema uongo.

Jumanne, 18 Machi

Jana Bochaberi alisoma mwenyewe. Uwanja mzima ukacheka, hata kaka zake, kisha leso zikatoka. Akanishika mkono, akasema bila mimi asingeyasema hayo. Mbele ya Duncan.

Nimeomba, nimeona wazi: ni Mungu aliyetaka ile kompyuta izimwe. Kosa langu lilikuwa kutomwambia Linet. Ijumaa hii, kabla ya kuizima, nitamwambia amalize mapema. Duncan simwambii.

Wewe waonaje? Nijibu upesi, tafadhali, kabla ya Ijumaa.